Sura ya Tisa: Agárrate, Jishikilie

Mtu aliyesimama juu ya miamba ya Wagenia, pembeni mwa jiji la Kisangani, hana nafasi ya kutunga sentensi ndefu. Mto Kongo, ambao juu zaidi huitwa Lualaba, unafika hapo ukiwa umeshuka maporomoko ya Boyoma, saba kwa hesabu, katika mwendo wa kama kilomita 100 kutoka Ubundu. Hili la Wagenia ndilo la mwisho. Maji yananguruma usiku na mchana. Wavuvi wamesimika magogo marefu katika matundu ya mwamba, wakayaunganisha kwa kamba za msituni, na kwenye magogo hayo wananing'iniza migono mikubwa yenye umbo la pia, mdomo ukielekea mkondo. Kuuteremsha mgono na kuupandisha ni kazi ya watu kadhaa wanaotegemeana, na maneno wanayohitaji mahali kama hapo ni mafupi: shika, vuta, legeza, ngoja, jishikilie.

Sura hii inahusu neno hilo la mwisho. Anayeambiwa "vuta" ana kamba mkononi, na kitendo chake kinaishia kwenye kamba. Anayeambiwa "jishikilie" kitendo kinamrudia mwenyewe: asianguke, asichukuliwe na maji. Mzungumzaji wa Kihispania akiwa kwenye gogo hilohilo angepiga kelele *¡agárrate!* Ndani ya neno hilo mna *agarra*, yaani shika, na *te*, yaani wewe mwenyewe. Kihispania kina mamia ya vitenzi vya namna hiyo, na mtu hawezi kuishi siku moja katika lugha hiyo bila kuamriwa kwavyo: aamke, akae, anawe, avae, anyamaze, aondoke, ajitunze. Ndiyo maana nimevipa sura nzima.

Nimechagua Kisangani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huu ni mji wa lugha nyingi kinywani mwa mtu mmoja. Kiswahili kilifika na misafara iliyotoka pwani. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimteua Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani mahali hapahapa penye maporomoko. Hata jina Wagenia lina *wa-* ya Kiswahili mbele ya jina la watu wanaoitwa Waenya au Wagenya. Kilingala kilipanda mto pamoja na meli na askari. Kifaransa kikashika shule na ofisi. Mtoto wa Kisangani anakua akizisikia zote, na nitaonyesha kwamba mtoto huyo, bila kujua, tayari ana vipande viwili vikubwa vya sarufi ya Kihispania mfukoni.

Sababu ya pili ni kwamba Kihispania kimewahi kupita upande huu wa Kongo, na mara nyingi kilipita midomoni mwa askari. Mwaka 1964, mji ukiwa bado unaitwa Stanleyville, ulikuwa makao makuu ya waasi wa Simba. Baadhi ya marubani waliowashambulia waasi hao walikuwa Wakuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, Wakuba wa upande wa pili walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba kuwasaidia wapiganaji wa maasi hayohayo. Waliitana kwa namba za Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, na Che Guevara mwenyewe alikuwa Tatu. Novemba 1965 wakaondoka, kazi ikiwa imeshindikana. Kijana mmoja Mkongo, Freddy Ilanga, ndiye aliyepewa jukumu la kumfundisha Che Kiswahili na kumtafsiria. Baadaye akapelekwa Cuba, akasoma huko na kuwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Safari ya kutoka "jishikilie" hadi *agárrate* aliimaliza yeye kwa maisha yake yote.

Amri za vita za Kihispania zinafundisha sana. *Agáchense*, inameni. *Cúbranse*, jikingeni. *Levántense*, inukeni. *Retírense*, rudini nyuma. Zote nne zina *se* mkiani. Tazama sasa upande wa Kiswahili: "jikingeni" peke yake ndiyo yenye *ji*. "Inameni", "inukeni" na "rudini" hazina. Hapo ndipo somo letu linapoanzia, na wengi hujikwaa hapo kabla hawajafika popote.

Mwanafunzi anayejua Kiswahili huambiwa kwamba *se* ya Kihispania ni *ji* yetu. Anaamini, kwa kuwa mifano ya kwanza inakubali: *escóndete* ni jifiche, *prepárate* ni jiandae, *tápate* ni jifunike, *preséntate* ni jitambulishe, *sírvete* ni jipakulie. Kisha anataka kumwambia mtu alale, anatafuta *ji* katika "lala", haioni, basi anasema *acuesta* bila kitu nyuma yake. Mhispania anabaki akisubiri. *Acuesta* ni "laza". Laza nani? Mtoto? Mgonjwa?

Kiini cha jambo ni hiki. Kwa mienendo ya mwili, Kihispania kinaanza na mtu anayemtendea mwingine, halafu kinaongeza *se* kukirudisha kitendo kwa mwenyewe. Kiswahili mara nyingi kinaanza upande wa pili: kinaanza na mtu mwenyewe, halafu kinaongeza kiambishi ili atendewe mwingine. *Acostar* ni kulaza, *acostarse* ni kulala. *Despertar* ni kuamsha, *despertarse* ni kuamka. *Sentar* ni kuketisha, *sentarse* ni kuketi. *Vestir* ni kuvisha, *vestirse* ni kuvaa. *Bañar* ni kuogesha, *bañarse* ni kuoga. Palipo na *-sha* au *-za* kwetu, kwao pana kitenzi kitupu. Palipo na kitenzi kitupu kwetu, kwao pana *se*. Jozi nyingine tunazitofautisha kwa *-a* au *-za* upande mmoja na *-ka* upande wa pili: inua na inuka, geuza na geuka, kwao ni *levantar* na *levantarse*, *girar* na *girarse*. Mama anayemwambia mwanawe mkubwa amlaze mdogo wake atasema *acuéstalo*, mlaze. Akimgeukia mkubwa mwenyewe atasema *acuéstate*, lala.

Kwa hiyo usiitafute *ji*. Jiulize: kitenzi hiki cha Kiswahili kina mwenzake wa kutendesha? Kama yupo, na huyo mwenzake ndiye Kihispania kinachomtaja kwanza katika kamusi, basi amri ya kujitendea itahitaji kiambatanishi, yaani *te* au *se*, nyuma yake. Kinyume chake pia ni kweli. Tuna vitenzi vyenye *ji* ambavyo kwa Kihispania havina kitu. "Jifunze" ni *aprende* tu. "Kujifungua", kwa maana ya kuzaa, ni *dar a luz*, bila *se*. Na "kujisaidia", tunavyokusema kwa adabu mtu akiomba choo, ukikufasiri neno kwa neno kuwa *ayudarse* msikilizaji hatajua kabisa unatafuta nini.

Jambo la pili ni mahali pa kukiweka hicho kiambatanishi, na hapa Mkisangani anamzidi mtu wa Tanga au Lamu.

*Ji* ya Kiswahili haihami. Jishikilie, jishikilieni, ajishikilie, tujishikilie, usijishikilie: imekaa mbele ya mzizi katika kukubali na katika kukataza, na haibadiliki hata ikiwa nafsi ni mimi, wewe, sisi au wao. Kilingala ni vivyo hivyo, *-mi-* yake hukaa mbele ya mzizi kwa nafsi zote, kama katika *komibatela*, kujilinda. Kihispania kinafanya mambo mawili ambayo lugha hizi hazifanyi. Kwanza, kiambatanishi kinabadilika kufuata anayeamriwa: *te* kwa wewe, *se* kwa mtu wa heshima na kwa ninyi, *nos* kwa sisi, na *os* kwa ninyi wa Hispania. Pili, kinahama. Amri ya kufanya inakibeba nyuma, kikiwa kimegandana na kitenzi: *agárrate*. Amri ya kukataza inakiweka mbele, kikiwa kimesimama peke yake: *no te agarres*. Shikilia gogo hili, *agárrate de este palo*. Usishikilie lile, *no te agarres de aquel*.

Msomaji wa pwani itabidi ajifunze tabia hii upya. Aliyesomea Kisangani ameshaizoea tangu darasa la kwanza, kwa kuwa Kifaransa kinafanya vilevile. Mwalimu alimwambia *lève-toi*, inuka, na *ne te lève pas*, usiinuke. Mbele ukikatazwa, nyuma ukiamriwa. Ni kanuni ileile, imevuka tu milima ya Pireneo. Kwa Kihispania, *levántate* na *no te levantes*.

Hata hivyo Kifaransa kikishakuongoza hadi hapo, kinakuacha. Linganisha *lève* na *lève*: kitenzi hakikubadilika. Sasa linganisha *levanta* na *levantes*. Irabu ya mwisho imegeuka kutoka *a* kuwa *e*. Mfaransa anayejifunza Kihispania huchukua muda mrefu kulizoea jambo hili, na husikika akisema *no te levanta*. Mswahili hana sababu ya kulishangaa, maana ni jambo la nyumbani kwake. Sema, usiseme. Inuka, usiinuke. Lala, usilale. Katazo letu linadai *-e*, umbo lilelile la "aende" na "tusome", na katazo la Kihispania linadai umbo lenye kazi hiyohiyo: *habla*, sema, *no hables*, usiseme. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote wa damu. Zimekutana tu, kila moja kwa njia yake, katika wazo kwamba kukataza si sawa na kuamuru. Ni kutaka jambo lisiwe, na lugha ina umbo lake la kutaka.

Basi Kifaransa kinampa Mkisangani mahali, na Kiswahili kinampa irabu. Hakuna lugha moja kati ya hizo inayotosha. Zikiwa pamoja zinatosha karibu kabisa.

Nasema karibu kwa sababu kanuni ya *a* kuwa *e* ni nusu ya habari. Vitenzi vya Kihispania vinavyoishia kwa *-ar* ndivyo vinavyotuiga. Vile vya *-er* na *-ir* vinakwenda upande mwingine: *e* inakuwa *a*. *Ponte el sombrero*, vaa kofia. *No te pongas el sombrero*, usivae kofia. *Duérmete*, sinzia ulale. *No te duermas*. *Vístete*, vaa, *no te vistas*. *Vete*, nenda zako. *No te vayas*, usiende. Hapa kuna vitenzi vilivyochakaa kwa kutumiwa sana, kama "njoo" yetu, ambayo nayo haifuati kanuni ya wenzake. *Pon*, *ven*, *sal*, *haz*, *di*, *ten*, *ve*: weka, njoo, toka, fanya, sema, shika, nenda. Hizi hazina njia ya mkato.

Mtego mmoja katika eneo hili unastahili kusimamiwa. *Sentarse* ni kukaa. *Sentirse* ni kujisikia. Tofauti yao ni irabu moja, na amri zao zinapishana njiani. *Siéntate* ni kaa, kwa kuwa kitenzi ni cha *-ar*. *Siéntete* ni jisikie, kwa kuwa kitenzi ni cha *-ir*. Mwenyeji anayekukaribisha anaweza kuyasema yote mawili mfululizo: kaa, ujisikie uko kwako. Sasa yageuze kuwa makatazo. *No te sientes* ni usikae. *No te sientas mal* ni usijisikie vibaya. Yaani *e* iliyokuwa ya kujisikia sasa ni ya kukaa, na *a* iliyokuwa ya kukaa sasa ni ya kujisikia. Kariri jozi hii kwanza kuliko nyingine zote. Ukiimudu, umeimudu kanuni yenyewe, maana imo yote ndani ya maneno manne.

Kuandika ni jambo moja. Kutamka ni jingine, na katika kutamka Kiswahili chetu kinatuponza. Irabu si tatizo. Tunazo tano na wao wanazo tano zilezile, jambo ambalo Mwingereza angelipia fedha. Tatizo ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo unahamia huko: *SE-ma*, *se-ME-ni*, *a-nga-LI-a*, *ji-a-nga-li-E-ni*. Kihispania hakikubali hivyo. Kitenzi kikishabeba mkazo wake, kiambatanishi kinachoganda nyuma hakiruhusiwi kuusogeza. *Le-VAN-ta* inakuwa *le-VÁN-ta-te*. *Des-PIER-ta* inakuwa *des-PIÉR-ta-te*. Mkazo sasa uko silabi ya tatu kutoka mwisho, mahali ambapo sikio la Mswahili halikuuzoea isipokuwa katika maneno machache, kama "barabara" pale baadhi ya watu wanapolitamka kwa maana ya sawasawa, wakikaza silabi ya pili ya neno. Alama ndogo inayochorwa juu ya irabu, á, é, í, ipo kwa kazi hiyohiyo: inamwambia msomaji asisogeze. Wanafunzi wengi huiacha wakidhani ni pambo. Mswahili hasa asiiache, kwa sababu inamkinga na tabia ya ulimi wake.

Amri fupi hazina shida hiyo. *Vete*, *ponte*, *date* (kama katika *date prisa*, fanya haraka, huko Hispania) zina silabi mbili tu na mkazo unaangukia mahali petu pa kawaida. *Agarraos* nayo, *a-ga-RRA-os*, iko sawa na ulimi wetu.

Kuna pia nchi ambazo mkazo wetu ndio mkazo wao. Argentina na Uruguay watu husema *vos* badala ya *tú*, na amri zao za kujitendea hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho: *levantate*, *sentate*, *callate*, *cuidate*, bila alama yoyote juu. Mswahili anayesema *le-van-TA-te* atasahihishwa akiwa Madrid au Mexico, lakini akiwa Montevideo atapita kama mwenyeji. Na Uruguay si nchi ngeni kwa Kongo ya mashariki. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imeleta askari wengi katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUC kisha MONUSCO, na wengi wamekaa Goma. Watu wa Goma waliofanya kazi karibu na kambi zao wamesikia *sentate*, si *siéntate*. Wa Guatemala nao walikuwapo: askari wao 8 waliuawa Januari 2006 katika Hifadhi ya Garamba, wakati eneo hilo likiwa bado sehemu ya mkoa uliokuwa na makao yake makuu hapa Kisangani. Kwa hiyo ninapoandika kwamba msomaji wangu wa Kongo anaweza kukutana na amri hizi, nazungumzia masikio ambayo yameshazisikia.

Tuje kwa adabu, maana amri bila adabu ni matusi katika lugha yoyote. Kisangani mtu mzima huitwa papa au mama hata kama hakukuzaa, na wengi humsemesha kwa wingi, kama *vous* ya Kifaransa. Kihispania kina njia yake. Kina *usted*, neno lililofupishwa kutokana na *vuestra merced*, ambalo tungeweza kulifasiri "rehema yenu" au "mheshimiwa". Kwa kuwa unazungumza na uheshimiwa wake, kitenzi kinakwenda katika nafsi ya tatu: *siéntese*, na kiambatanishi ni *se*, si *te*. Hili pia tunalo. Mshehereshaji anaposema "mgeni rasmi na aketi", huku mgeni rasmi yuko mbele ya macho yake, anafanya jambo lilelile: anamwamuru kwa kumtaja kama asiyekuwapo, kwa umbo la *-e*. "Aketi" ni *siéntese*. "Asiketi" ni *no se siente*. Na angalia: *siente* ya kwanza na *siente* ya pili ni moja. Katika *usted* kitenzi hakigeuki kati ya kuamuru na kukataza. *Se* pekee ndiyo inayohama.

Wingi wake ni *ustedes*, na huko Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na Cuba ndiyo njia pekee ya kuwaamuru watu wengi, wawe wazee au watoto: *agárrense*, jishikilieni, *no se agarren*, msijishikilie. Kihispania alichokikuta Freddy Ilanga ni hicho. Wahispania wenyewe wana *vosotros* kwa marafiki na watoto: *agarrad* inadondosha *d* yake ikipokea *os*, nayo inakuwa *agarraos*. Kitenzi kimoja tu, *irse*, kimeikatalia: *idos*, nendeni zenu. Hata hapo Wahispania wengi husema *iros*, na mwaka 2017 Chuo cha Lugha cha Kifalme cha Hispania kiliamua kuikubali. Ukijiunga mwenyewe katika amri, "tujishikilie", inayodondoka ni *s*: *agarremos* na *nos* zinakuwa *agarrémonos*.

Hapa nataka kusimulia jambo linalonifurahisha kuliko mengine yote katika sarufi hii. Kiswahili kikiamuru watu wengi kinaweka alama ya wingi mwisho kabisa, baada ya kila kitu: *jishikilie-ni*. Kihispania sanifu kinaiweka *n* ya wingi katikati, mbele ya kiambatanishi: *siénte-n-se*. Lakini nenda vijijini, Hispania na Amerika, utasikia watu wakisema *siéntensen*, *váyansen*. Wameisikia *n* ikiwa imefichwa tumboni mwa neno, wakaiongeza tena mkiani ili ijulikane kwamba wanaoamriwa ni wengi. Walimu huwasahihisha, na katika mtihani usithubutu. Lakini hawa wanakijiji wamefika mahali ambapo wavuvi wetu walikuwa tangu zamani, wakiongozwa na haja ileile: anayepaza sauti anataka sauti ya mwisho iseme ni wangapi wanaoambiwa.

Kitu cha mwisho ni pale panapokuwa na vitu viwili vya kubeba. Fikiria mtumbwi unaovuka mto kutoka mjini kwenda Lubunga, ukingo wa kushoto, na kuna mgeni asiyejua Kiswahili wala Kifaransa, Mkolombia labda. Unampa koti la kuokoa maisha na unataka kumwambia alivae. Kiswahili kitasema "livae"; koti limetajwa kwa *li*, na mvaaji hana haja ya kutajwa. Kihispania kitawataja wote wawili, mvaaji kwanza, koti baadaye: *póntelo*. Anataka kulivua katikati ya mto? *No te lo quites.* Vyote viwili vimehama pamoja kwenda mbele, bila kupishana: *te* kisha *lo*. Mpangilio huo hauvunjwi kamwe. Na anapotaka kunawa baada ya kula samaki, *lávate las manos*, nawa mikono, wala usiongeze "yako". Lugha zote mbili zinajua kwamba mikono anayonawa mtu ni yake.

Kwa msomaji anayeanza, shauri langu si lile la vitabu vingi, ambavyo humtanguliza *tú* kwa kuwa ndiye mfupi. Anza na *usted* na *ustedes*. Kitenzi ni kilekile katika kuamuru na kukataza, kiambatanishi ni *se* peke yake, umbo lake ni lile la "aketi" na "waketi" unalolijua tangu utotoni, na humkosei mtu adabu. *Agárrese, no se agarre; agárrense, no se agarren.* Yanaeleweka Havana, Montevideo na Madrid. Yanaeleweka pia Malabo, maana Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, imekibakiza Kihispania kuwa lugha rasmi, nayo ni Afrika ya Kati kama Kongo. Yaseme kwa sauti, mkazo ukiuacha pale penye alama, mpaka ulimi uache kuuvuta. Kisha mwenyeji wako akikuambia umwite *tú*, fungua tena ukurasa wa *siéntate* na *siéntete*.